Fizi zinatoka damu nawe unajificha: maswali na majibu

Ninatibu meno katika kituo cha afya Busia, upande wetu wa Uganda, si mbali na mpaka. Korona tumeshaisahau, lakini hakupiti wiki bila mgonjwa kuingia chumbani kwangu na barakoa usoni, na hana kikohozi. Mama mmoja muuza mitumba alikuwa ameifua yake hadi buluu ikageuka kijivu. Niliomba mara tatu, nikafunga mlango, ndipo akaivua. Fizi zilikuwa zimevimba na kuiva wekundu, meno mawili ya mbele yanacheza. Akaniambia kanisani amehamia benchi la mwisho ili asimpumulie mtu. Miaka miwili amekaa hivyo. Maswali haya ni yake na ya wengi wenzake.

Ugonjwa wa fizi ni nini hasa?

Utando wenye vijidudu hujijenga kwenye meno kila siku. Usipoutoa hugeuka ugaga mgumu, fizi zikavimba na kutoka damu. Ukitibiwa hapo, unapona kabisa. Ukiacha, ugonjwa huteremka chini ya fizi na kula mfupa unaoshika jino, na mfupa ulioliwa haurudi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu bilioni 1 duniani wana ugonjwa wa fizi uliofika hatua kali. Kwa hiyo hujalogwa, na wala si wewe peke yako.

Na akili inaingiaje hapo?

Kwa milango miwili. Wa kwanza ni aibu. Mdomo unanuka, mtu anaanza kujibu kwa kichwa, anakula peke yake, anaacha kwenda kwenye arusi na vikao vya chama. Upweke ukikomaa huzaa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito.

Mlango wa pili unafunguka kutoka upande mwingine. Mtu aliyezidiwa na mawazo hana nguvu ya kuoga, sembuse kupiga mswaki. Anavuta sigara, anatafuna mairungi, anakunywa waragi ili alale. Msongo wa mawazo wa muda mrefu nao hudhoofisha kinga ya mwili, na fizi nazo hulipa. Ndiyo maana siku hizi nikiona kinywa kilichoachwa ghafla kwa mtu aliyekuwa msafi, naweka vifaa chini na kumuuliza: mama, nyumbani kuna nini?

Nikipiga mswaki natoka damu. Si niache kwanza fizi zipone?

Hapana! Hili naomba lisikike vizuri. Damu haiji kwa sababu ya mswaki, inakuja kwa sababu ya uchafu uliokaa kwenye fizi. Ukiacha mswaki unaupa uchafu nafasi. Tumia mswaki laini na dawa ya meno yenye floridi, mara 2 kwa siku, polepole, hadi pale jino linapokutana na fizi. Kwa wengi damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Isipopungua, ugaga umeshakauka na mswaki hauwezi kuutoa. Njoo tuukwangue.

Na msiniletee tena majivu, mkaa wa kusaga, wala waragi ya kusukutua. Nimechoka kuona fizi zilizochubuka kwa mkaa.

Lakini haziniumi. Nisubiri ziume?

Hapana. Njoo sasa. Ugonjwa huu hula kimya kimya, na ukisikia maumivu, mara nyingi mfupa umeshakwenda. Wavutaji sigara ndio wanaodanganyika zaidi, kwa sababu sigara hupunguza damu inayofika kwenye fizi, basi hata ile ishara ya kutoka damu hawaioni.

Nikinunua vidonge duka la dawa?

Hapana. Vidonge haviondoi ugaga. Harufu itapungua siku chache, utafurahi, kisha itarudi, na utavunjika moyo kuliko mwanzo. Nawaona hao. Wamemeza vidonge vya kila rangi kabla ya kufika kwangu, na pesa iliyokwenda ingewasafisha meno.

Ninaona aibu sana. Si nijitunze nyumbani kwanza, nije kinywa kikishapungua kunuka?

Hapana, hapana, na tena hapana. Hili ndilo linalowamaliza watu wangu. Huwezi kukwangua ugaga kwa kujificha. Mficha uchi hazai. Mimi harufu ya kinywa ni kazi yangu, siitangazi sokoni na wala siikumbuki jioni. Kila mwezi unaojifungia ndani, jino linalegea na moyo unazama, vyote pamoja.

Nitajuaje kama ni huzuni tu au ni ugonjwa?

Hesabu wiki 2. Kama kwa muda huo, karibu kila siku, huoni raha ya kitu chochote, usingizi umekimbia au umezidi, chakula hakina ladha, unajiona huna thamani, hiyo ni sonona inayohitaji tiba. Si uvivu na si upungufu wa imani. Omba, sawa, lakini njoo. Hospitali za rufaa kama Mbale zina kitengo cha afya ya akili, na Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili kule Kampala, si jela. Mara nyingi hata huko hutafika, muuguzi wa kituo chako ataanza nawe.

Na ukimsikia mtu akisema amechoka kuishi, usimwambie aache mchezo. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Usimwache peke yake, ondoa sumu za shambani karibu naye, mpeleke kituoni siku hiyohiyo.

Dawa za mawazo nilizopewa zinakausha mdomo. Niziache?

Usiziache mwenyewe. Ni kweli, amitriptilini kwa mfano hukausha mate, na mate ndiyo ulinzi wa kinywa. Kunywa maji mara kwa mara, punguza soda, mwambie aliyekuandikia. Na mimi niambie.

Mume wangu hali nasi tena, amehamishia sahani chumbani. Nimwambieje?

Usimwambie mbele ya watoto, na usimwambie kwamba ananuka, hilo analijua kuliko wewe. Mwambie, "Baba Fulani, twende wote tukaangaliwe meno." Keti wewe kwanza kwenye kiti. Wanaume wengi wamekubali kwa njia hiyo.

Nikifika, nianzeje? Siwezi kusema mbele ya foleni.

Usiseme. Unakuja na daftari lako la matibabu kama kawaida. Fungua ukurasa mpya nyumbani, andika mstari mmoja tu: "Fizi zinatoka damu, na silali." Nitausoma kabla sijakuomba uvue barakoa.