Kuharisha baada ya chanjo ya kipindupindu: lini ni maudhi madogo, lini ni hatari

Kila inapoanza kampeni ya chanjo ya kipindupindu, swali moja hutangulia mengine yote: "Mbona jirani yangu ameharisha baada ya kunywa?" Ni swali la haki, na anayeliuliza asikatwe kauli. Nalijibu kwa kirefu kwa sababu jibu lina sehemu mbili, na hiyo ya pili inaweza kuokoa maisha.

Chanjo inayotumika zaidi kwenye kampeni huja katika kichupa kidogo cha mililita 1.5, kiasi kisichojaza hata kijiko cha chai. Mtoa chanjo hukitikisa, hukifungua na kukumiminia mdomoni. Ladha yake si nzuri. Nimeona watu wazima wakikunja uso kuliko watoto, na wengine husikia kichefuchefu kwa ladha hiyo tu. Maji kidogo ya kushushia yanasaidia. Ndani ya kichupa mna bakteria wa kipindupindu waliokwisha kuuawa kiwandani kwa joto au kwa formalini, kemikali ya kuua vijidudu. Hawazaliani tumboni na hawamwambukizi mtu. Wanauonyesha utumbo sura ya adui, utumbo nao unatengeneza kinga ya kumkabili atakapokuja aliye hai.

Kwa hiyo chanjo hii haiwezi kukupa kipindupindu. Inaweza kukupa maudhi madogo: tumbo kuuma, kichefuchefu, kutapika, kuharisha kidogo, kichwa kuuma, uchovu au homa ndogo. Wengi hawasikii chochote, na wanaosikia huwa sawa baada ya siku moja au mbili bila dawa. Katika utafiti mkubwa ulioanza mwaka 2006 Kolkata, India, watu zaidi ya 66,000 walikunywa dozi mbili, wengine za chanjo na wengine za plasebo, yaani kinywaji kilichofanana nayo kisichokuwa na chanjo. Maudhi yalikuwa karibu sawa pande zote mbili. Maana yake, baadhi ya matumbo yanayouma baada ya chanjo yangeuma hata bila chanjo.

Sasa sehemu ya pili. Chanjo hii mara nyingi hupelekwa mahali ambapo kipindupindu kimeshaingia. Mtu akishameza bakteria hai, dalili huchukua saa chache hadi siku tano kujitokeza, ilhali kinga ya chanjo huhitaji takriban wiki moja kujijenga. Chukua mtu aliyekunywa maji yenye bakteria Jumatatu, akapata chanjo Jumanne, akaanza kuharisha Jumatano. Familia yake haikuyaona maji ya Jumatatu. Iliona kichupa cha Jumanne. Hapo huzuka mambo mawili. La kwanza ni uvumi kwamba chanjo imeleta ugonjwa, na huo unaumiza kampeni. La pili linanitia hofu zaidi: watu wanasema "ni maudhi ya chanjo tu, yatapita," kisha mgonjwa analazwa kitandani nyumbani huku maji yakimwisha mwilini. Kipindupindu kikali kinaweza kuua ndani ya saa chache.

Basi tazama choo chenyewe. Kuharisha mara moja au mbili, mtu anakula na kutembea, hayo ni maudhi. Choo cha majimaji mengi kinachofuatana, cheupe kama maji yaliyooshea mchele, pamoja na kutapika, kiu kali, macho kuingia ndani, au ngozi ya tumbo inayochelewa kurudi ukiifinya, hicho ni kipindupindu mpaka mhudumu wa afya aseme vinginevyo. Anza kumnywesha ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, hapohapo, iliyochanganywa na maji salama kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na uendelee kumnywesha njiani mkielekea kituo cha afya.

Mzio mkali ni nadra sana, na ukitokea huja mapema: midomo au uso kuvimba, vipele vya kuwasha mwili mzima, kupumua kwa shida. Ukiona hayo, rudi kwa mtoa chanjo mara moja. Aliyewahi kupata hali hiyo kwa dozi iliyopita asipewe nyingine. Mwenye homa kali au anayeharisha siku ya chanjo aseme kwanza, apimwe.

Wajawazito huogopa kuliko wote, na nawaelewa. Shirika la Afya Duniani linashauri wachanjwe kwenye kampeni, pamoja na wanaonyonyesha na wanaoishi na VVU. Wajawazito waliopata Zanzibar mwaka 2009 chanjo nyingine ya kunywa, nayo ya bakteria waliouawa, walifuatiliwa, na hayakuonekana madhara kwa watoto waliozaliwa. Kipindupindu chenyewe ndicho kinachojulikana kuua watoto tumboni. Watoto huanza kuchanjwa wakitimiza mwaka mmoja.

Ipo aina nyingine yenye bakteria hai waliodhoofishwa, ya wasafiri. Hiyo ina masharti yake: mwenye kinga dhaifu aongee na daktari kwanza, na anayetumia antibayotiki aseme, kwa sababu dawa hizo huiharibu.

Ukipata tatizo lolote, hata dogo, liripoti kwa mtoa chanjo au kituo cha afya. Nenda na kadi yako ya chanjo, ueleze saa uliyokunywa, saa dalili zilipoanza na umeharisha mara ngapi. Kwa saa hizo mbili ndipo tunapoanzia kutenganisha maudhi na ugonjwa.