Dhahiri yetu, lahir yao

Kila Idi ya mfungo mosi marafiki zangu wa Indonesia huniandikia: Mohon maaf lahir dan batin. Wananiomba msamaha wa yaliyoonekana na ya moyoni. Batin hiyo Mswahili anaipata papo hapo. Lakini lahir?

Ni dhahiri yetu hiyohiyo. Na kwenye kitambulisho cha Indonesia, tempat lahir maana yake ni mahali pa kuzaliwa: mtoto aliyezaliwa amedhihirika. Miaka mingi nasoma maneno ya Kiarabu katika Kimalei na Kiindonesia, na hili bado linanigusa kuliko yote.

Tazama wenzake. Radhi imekuwa rela, adhuhuri ni lohor, lafudhi ni lafal. Faradhi ndiyo imesafiri mbali zaidi: f imegeuka p, dh imegeuka l, ikawa perlu. Saya perlu uang, nahitaji pesa. Neno la wajibu wa Mungu sasa linatumika sokoni.

Wapo wanaosema ndimi za Wamalei zilishindwa tu kutamka dhadi, herufi ya Kiarabu iliyomo katika radhi na faradhi. Sikubaliani nao. Ulimi ulioshindwa ungekimbilia d, kama ulivyofanya katika hadir, yaani kuhudhuria. Sibawayhi, mwanasarufi wa karne ya 8, aliieleza dhadi kuwa sauti inayotokea ubavuni mwa ulimi, na hapo ndipo penye l. Wahausa humwita kadhi alkali. Wahispania kutoka neno hilohilo walipata alcalde, meya wao. Watu watatu walioachana mbali hivyo hawawezi kukosea namna moja. Naamini walioyapeleka maneno ya mwanzo, au waliowafunza, walikuwa bado na dhadi ya kale kinywani, na dhaa, herufi iliyomo katika dhahiri, adhuhuri na lafudhi, ikaifuata, kwani Waarabu wengi walikuwa wameshazichanganya sauti hizo mbili.

Baadaye vitabu na madrasa vikaleta maneno yaleyale upya, safari hii kwa jicho zaidi ya sikio. Ya zamani hayakuondoka. Fardu ikakaa kwenye sala tano, perlu ikabaki na mahitaji ya kila siku. Rida ni ya kukubali majaliwa ya Mungu, rela ni ya hiari ya mtu yeyote.

Ukivuka Mlango wa Malaka hadi Malaysia, salamu ya Idi ni ileile, ila huandikwa: Maaf zahir dan batin. Kuzaliwa, hata huko, ni lahir.