Je, wajua kwa nini tiketi ya mizani haiijui foleni ya miwa?

Trekta la miwa likifika kiwandani, iwe Muhoroni, Chemelil au upande wa Bungoma kule Kenya, hupimwa mara mbili: likiingia na mzigo, kisha likitoka tupu. Tofauti ya hapo ndiyo tani za mkulima. Mizani huchapa na saa, kwa hiyo mtafiti wa uendeshaji, anayetaka kujua miwa husubiri muda gani, akikabidhiwa tiketi za msimu mzima huona kazi imekwisha. Atoe saa ya kuingia kwenye ya kutoka, basi.

Lakini saa hiyo huanza trekta likishakanyaga bamba la mizani. Muda uliolala barabarani nje ya geti haumo. Mizani haina kosa. Iliwekwa kwa ajili ya malipo, na malipo hayaulizi foleni. Miwa ndiyo inayoumia. Ikishakatwa, sukari yake huanza kuvunjika kuwa glukosi na fruktosi, bakteria huingilia kwenye ncha zilizokatwa, na maji yakikauka tani hupungua. Iliyochomwa shambani huharibika upesi zaidi.

Kipande kinachokosekana kimo kwenye daftari la askari wa geti, anayeandika saa trekta linapofika, na hapo ndipo penye kazi.

Tuseme askari ameandika 3.40, mizani ikachapa 11:05. Ukitoa hivyo hivyo, trekta lilisubiri saa 7 na dakika 25. Kumbe askari aliandika saa tatu na dakika arobaini asubuhi, ambayo kwa mashine ni 9:40. Foleni ilikuwa saa 1 na dakika 25 tu. Uzuri wa kosa hili ni kwamba kwa saa za mchana ni saa 6 kamili: chora grafu ya muda wa kusubiri, na ukiona vilima viwili vilivyoachana kwa saa 6, umelikamata. Usisahihishe daftari zima kwa mkupuo, maana wa zamu ya usiku huenda alinakili saa ya simu yake. Tenganisha kwanza kwa zamu, hata kwa mwandiko.

Namba za gari, za kuoanisha mstari wa daftari na tiketi yake, nazo zina vituko. Askari huandika ile anayoiona, pengine ya trela inayoanza na Z, huku mizani ikishika ya trekta, KT-kitu-fulani. Mwombe aandike zote mbili.

Tazama pia tarakimu ya mwisho ya dakika. Zikiandikwa kwa kweli, zinazoishia na 0 au 5 huwa karibu 2 kati ya 10. Zikifika 6 au 7 kati ya 10, mtu alikuwa akikadiria. Data hiyo yafaa kwa foleni ya saa nyingi. Kwa kazi ya dakika tatu pale mizanini haifai kitu.

Utajuaje kama umeshika foleni yote? Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni nyepesi: wastani wa waliomo kwenye foleni ni kasi ya kufika mara wastani wa muda wa kukaa. Yakifika matrekta 12 kwa saa na kila moja likae saa 1 na nusu, nje ya geti yawepo 18. Nenda ukahesabu kila nusu saa kwa siku kadhaa, usiku pia. Ukipata wastani wa 40, daftari linakudanganya: ama kila trekta hukaa kama saa 3 na dakika 20, ama mengine hayaandikwi kabisa.

Halafu kuna trekta lililochoka kusubiri, likageuza kwenda kiwanda kingine. Lina mstari getini, halina tiketi. Wengi huufuta wakiuita data pungufu, na kwa kufanya hivyo hufuta zile subira ndefu kuliko zote, wastani ukapendeza bure. Uache mstari huo, na mbele yake uandike saa lilipogeuza.