"Damu yetu imeizoea malaria"

Kila Januari kliniki yetu hapa Kampala hujaa watoto waliotoka kula Krismasi kijijini, na kila Januari kuna mzazi wa kuniambia: "Musawo (daktari), hiyo si malaria. Sisi ni watu wa Lira, kaskazini mwa Uganda, damu yetu imeizoea."

Damu haina ukabila. Kinga hiyo mnayoisema hujengwa kwa kuambukizwa tena na tena, miaka nenda miaka rudi, na hata hapo haizuii vimelea kuingia. Hupunguza ukali tu. Ukihamia mjini, ambako malaria ni chache, inafifia. Mama aliyeondoka Lira miaka 15 iliyopita asijilinganishe na dada yake aliyebaki. Na mwanawe aliyezaliwa Ntinda, hapa Kampala? Huyo kwa mbu wa Lango, eneo la Lira, ni mgeni kama mtalii, ila mtalii amemeza dawa ya kinga, mtoto huyu amelazwa sebuleni kwa bibi, binamu sita kwenye mkeka mmoja, chandarua hakuna. Tena mvua zimekatika juzijuzi tu, mbu wamejaa.

Hapo nitajibiwa: "Lakini tumerudi wiki nzima, homa imeanza jana, hapa hapa mjini!" Ndiyo hesabu yenyewe. Tangu mbu aume hadi homa ipande ni kama siku 7 hadi 14, pengine zaidi. Kwa hiyo kabla hujanitajia panadol uliyompa, niambie mtoto alilala wapi mwezi uliopita. Malaria yetu karibu yote ni falsiparamu, aina kali ya vimelea, nayo humzidia mtoto mdogo ndani ya siku moja au mbili.

"Ni maembe aliyokula yaliyomletea homa." Maembe na mbu hukutana msimu mmoja. Basi.

"Tulimeza Coartem kidogo kabla ya safari." Hiyo ni ya kutibu, na dozi yake ni siku tatu kamili. Ukitaka ya kinga, njoo kabla hujakata tiketi.

"Mtoto amechanjwa." Vizuri sana. Chanjo iliyozinduliwa Apac Aprili 2025 ni dozi nne, inapunguza malaria, haiimalizi. Chandarua kinabaki.

"Magonjwa yapo kijijini tu." Na hayo mafua uliyopanda nayo basi, ukaenda kumkumbatia bibi wa miaka 80?

Mimi husafiri na chandarua changu, kamba na misumari minne. Shemeji zangu hunicheka mpaka saa mbili usiku, kisha wananiuliza kama kina nafasi.