Mji mdogo na mvua kubwa: dhana zinazotuponza

"Bila mabilioni hatuwezi kitu."

Dhana hii hufunga mjadala wa halmashauri kabla haujaanza. Kwamba mvua zimebadilika halina ubishi: joto likipanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, hewa hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo ukigeuka mvua, hushuka kwa kishindo. Ila kudhani kwamba dawa pekee ni ukuta wa zege, hapo ndipo tunapopotea.

Pickering ni mji wa watu wapatao 7,000 kaskazini mwa Uingereza. Kati ya 1999 na 2007 ulifurika mara nne. Kuta za kuuzuia mto zikakadiriwa kugharimu pauni milioni 20 hivi, fedha ambazo mji mdogo kama huo haungepewa. Basi badala ya kupambana na maji yakiwa yameshabisha hodi, waliyafuata yanakotoka, kwenye vijito vya juu. Magogo yalilazwa kukatiza kijito, yakakazwa kwenye kingo, huku chini yake pakiachwa upenyo. Siku za kawaida maji hupita zake kwenye upenyo huo. Mvua ikizidi, yanagonga magogo, yanatanda msituni, kisha yanateremka polepole, saa kadhaa baadaye. Waliweka vizuizi 167 vya namna hiyo, wakapanda miti, na juu ya mji wakajenga tuta la kuzuia meta za ujazo zipatazo 120,000 za maji.

Mwisho wa Desemba 2015 miji kadhaa ya kaskazini ilizama. Pickering ulinusurika, na uchambuzi uliofuata ulikadiria kwamba kilele cha mto kilipungua kwa asilimia 15 hadi 20. Sisi husema usipoziba ufa utajenga ukuta; kule nyufa ndizo zilizowaepusha na ukuta. Tusitie chumvi, hata hivyo. Tuta lile lilikula fedha nyingi kuliko magogo, na ipo mvua ambayo italishinda.

"Tahadhari ya mapema ni mambo ya setilaiti na kompyuta."

Setilaiti inaona kimbunga, sawa. Lakini nani atamgongea mlango bibi asiye na simu? Mwaka 1970 kimbunga kiliua watu wasiopungua 300,000 katika nchi ambayo sasa ni Bangladesh. Miaka michache baadaye ukaanzishwa mpango wa watu wa kujitolea, ambao leo wanazidi 70,000. Wana vipaza sauti vya mkononi na bendera: moja ni ya kukaa chonjo, tatu ni za hatari kubwa. Kimbunga Sidr cha 2007 kilikuwa kikali mno, na waliokufa walikuwa 3,400 hivi. Ni wengi, lakini si mamia ya maelfu. Makazi ya kukimbilia yalisaidia sana pia, na hayo yaligharimu; bendera haikugharimu.

"Tupande miti tu."

Mti unaopandwa pasipo pake ni kuni za kesho. Baada ya tsunami ya 2004, sehemu nyingi za pwani ya Sri Lanka zilipandwa mikoko mahali ambapo maji yanakaa muda mrefu kupita kiasi, na miche ikafa. Mkoko unapenda maji, ila unataka pia saa za kupumua. Kwa hiyo kabla ya siku ya kupiga picha na koleo, afadhali kuwauliza wavuvi maji hujaa hadi wapi na hukauka lini. Jibu lao halina ada ya mtaalamu mwelekezi.

"Mtaro ukishajengwa, kazi imekwisha."

Kwangu hii ndiyo dhana ghali kuliko zote. Mtaro huzinduliwa kwa utepe, halafu kwenye bajeti hakuna kifungu cha kuuzibua. Mchanga ukijaa hadi nusu ya kina, mtaro umeshapoteza nusu ya nafasi yake, na hapo chupa na mifuko ya plastiki bado hazijafika kwenye kalvati. Mvua ya kwanza ya msimu ndiyo hukokota takataka zote za kiangazi kwa mpigo mmoja. Anayezibua wiki mbili kabla ya hapo anahitaji koleo, toroli na malipo ya siku chache. Anayengoja mafuriko atafanya kazi hiyohiyo, akiwa kwenye maji ya kiunoni.