Kabla hujalipia kiwanja, uliza maji yaliyo chini yake

Masika yakiisha, malalamiko yanayofika ofisi yetu ya bodi ya maji ya bonde, inayosimamia matumizi ya maji katika eneo, hufanana: kisima kimegeuka chumvi, chemba inajaa kila baada ya siku mbili, unyevu umepanda ukutani hadi usawa wa dirisha, na muuzaji hapokei simu.

Mnunuzi mmoja wa nyumba huko Kigamboni alitujia na chupa mbili. Ya kwanza aliikinga siku dalali alipompeleka, kwenye koki ya simtanki: maji baridi, safi. Ya pili aliikinga wiki aliyohamia, na ilikuwa chumvi tupu. Tanki lilikuwa limejazwa na boza. Kwa hiyo sampuli haichukuliwi kwenye tanki. Pampu iwashwe, iachwe walau saa moja, maji yakingwe kabla hayajaingia tankini, kisha yapelekwe maabara ya ubora wa maji.

Wapo pia wanaoambiwa na fundi, "ongeza mita 20 utapata maji baridi." Pwani sivyo. Maji baridi ni mepesi, huelea juu ya maji ya chumvi. Kwa makadirio tunayotumia, yakisimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo kuna takriban mita 40 kabla ya kukuta chumvi. Wewe na majirani mkivuta hadi yashuke nusu mita, chumvi inaweza kupanda mita 20. Anayeongeza kina anaifuata. Arusha tatizo ni floraidi itokanayo na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na ulimi hauwezi kuitambua. Familia nyingi hugundua meno ya watoto yakishabadilika rangi.

Tuje kwenye sheria. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, maji ni mali ya umma. Hati yako ni ya ardhi. Kila wiki yupo anayetuambia "kisima changu, nimechimba kwa hela yangu." Shimo ni lako, pampu ni yako.

Kisima kirefu huanza na utafiti wa maji chini ya ardhi (kutembea kiwanjani na vijiti vya kubashiri maji si utafiti). Kisha unaomba kibali cha kuchimba kwenye bodi ya maji ya bonde husika, unatumia mchimbaji mwenye leseni, naye anaandika taarifa: kina, tabaka alizopita, kiasi cha maji kwa saa. Baada ya hapo unaomba kibali cha kutumia maji, kinachotaja kiasi unachoruhusiwa na kuambatana na ada. Vibali ni viwili. Narudia, viwili. Kisima cha kuchimbwa kwa mkono kwa matumizi ya nyumbani kina unafuu wake, lakini kujazia maboza si matumizi ya nyumbani.

Unaponunua, dai kuona vibali vyote viwili, taarifa ya mchimbaji na risiti za ada. Jibu la "viko kwa mwanasheria" lisikutoshe. Mauzo yakikamilika, iandikie bodi barua ukiambatanisha nakala ya mkataba wa mauziano, ili kumbukumbu zibadilishwe. Kutumia maji bila kibali pale kinapohitajika ni kosa. Adhabu yaweza kuwa faini, kifungo au vyote viwili, na kwamba ulikikuta kisima kikifanya kazi si utetezi.

Kiwanja cha bondeni kikague mwezi wa Aprili, si Septemba. Tazama kama chemba za majirani zimeinuliwa juu ya ardhi, na uulize gari la majitaka huja mara ngapi. Mtaa unaotapisha vyoo mvua ikinyesha, visima vyake vifupi vinapokea uchafu huo. Umbali unaoshauriwa kati ya choo na kisima ni walau mita 30. Kiwanja cha mita 20 kwa 20, hata ukipima pembe kwa pembe, hakifiki. Na hapo hujahesabu choo cha jirani, ambacho huenda kiko mita 4 nyuma ya ukuta.