Vumbi la Newala kwenye modeli ya lori: unga wa pasteli unavyoshika na unavyopotea

Lori la korosho linaloteremka kutoka Newala hadi bandarini Mtwara huwa na rangi mbili: ya kiwandani na ya barabara. Kwenye modeli ya 1/35, yaani ndogo mara 35 kuliko lori lenyewe, hiyo ya pili ndiyo inayosumbua, na kwangu hakuna kinachoitoa vizuri kuliko unga wa pasteli, vile vijiti vya rangi vinavyofanana na chaki. Rangi ya maji, hata ukiipiga nyepesi namna gani, bado jicho litajua ni rangi.

Nunua pasteli kavu. Za mafuta hazisagiki, zinapakaa tu. Ukiwa na shaka, sugua kijiti kwenye karatasi halafu ipige kwa kidole: kikiacha unga unaopeperuka, chukua, kikiacha mng'ao wa nta, kirudishe. Kwangua kwa wembe au msasa namba 240, kisha chekecha kwa kipande cha soksi ya nailoni. Robo kijiko cha chai inatosha lori zima na tela lake.

Kwa udongo wa uwanda wa Makonde nachanganya sehemu 3 za kahawia nyekundu, 2 za manjano ya udongo na 1 ya kijivu cheupe. Usiiache hiyo kijivu. Wekundu mtupu kwenye kitu kidogo unapiga kelele. Kwa lori la mashamba ya chumvi ya Lindi ondoa nyekundu kabisa, weka kijivu na manjano kidogo.

Wapo wanaochota udongo wenyewe barabarani. Piga hesabu: chembe ya milimita 0.1 kwenye skeli ya 1/35 ni sawa na kokoto ya milimita 3.5. Lori lako litakuwa limemwagiwa changarawe. Mchanga wa pwani ni mbaya zaidi, maana una chumvi, na chumvi huvuta unyevu.

Unga haushiki kwenye rangi inayong'aa kwa kuwa hakuna vishimo vya kuukamata. Puliza kwanza vanishi isiyong'aa, mikono miwili myembamba, kopo likiwa sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye modeli, kisha iache siku nzima. Masika usipulize asubuhi wala baada ya mvua: hewa ya kopo hutoka baridi, unyevu unaganda juu ya vanishi, na unabaki na ukungu mweupe ambao si vumbi uliloliomba. Subiri mchana wa jua.

Kupaka kwenyewe kunataka brashi laini iliyokauka kabisa. Gonga, usifute, halafu vuta kuelekea chini. Anza nyuma ya matairi na ndani ya madigadi, ambako vumbi hujaa, kisha panda ubavuni huku unapunguza. Tazama mlango wa dereva wa lori lolote pale stendi: kuzunguka kitasa pamefutwa na viganja, ngazi ya kupandia imeng'arishwa na viatu, na kioo cha mbele kina upinde safi wa waipa. Upinde huo ukate kwa utepe wa karatasi, ubandike kabla ya unga, uubandue mwisho. Ekzosi ipate nyeusi kidogo mdomoni, basi.

Sasa kufunga, yaani kuufanya unga usitoke, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Vumbi la rangi nyepesi ukilipulizia vanishi linatoweka. Pasteli za rangi hafifu zina chaki nyingi, na chaki ikilowa vanishi hupitisha mwanga karibu sawa na vanishi yenyewe, kwa hiyo jicho linaivuka na kuona rangi ya chini. Rangi nzito kama kutu na masizi hazipotei hivyo, ila hukolea. Ukilazimika kutumia vanishi, zidisha unga mwepesi, puliza kwa mbali, kisha rudishia unga mkavu juu yake na uuache hivyo.

Mimi hufunga kwa spiriti nyeupe, ile ya kuyeyushia rangi ya mafuta. Brashi ijae, iguse ukingo wa unga tu, kimiminika kitambae chenyewe. Ukisugua unasomba kila kitu. Kikizidi, unga husukumwa pembeni na kuacha mstari kama wa maji kupwa. Kikiwa kibichi rangi itaonekana nzito mno. Usiongeze wala kupunguza kitu hadi kikauke, kisha ndiyo uamue. Spiriti nyeupe ni salama juu ya rangi ya akriliki iliyokauka, lakini juu ya rangi ya mafuta inaweza kuilainisha. Spiriti ya duka la dawa ni kinyume chake: hulainisha akriliki.

Unga uliozidi uondoe kwa brashi au pampu ndogo ya mpira, usipulize kwa mdomo, kwani tone la mate huacha doa. Vaa barakoa unapokwangua. Modeli isiyopigwa vanishi juu ya unga ishike kwa matairi tu. Alama ya kidole chenye mafuta haifutiki, utaifunika kwa unga mwingine.